Kumfundisha mtoto mwenye usonji kusema "sitaki"

Mtoto wa miaka minne anayemng'ata dada anayemchana nywele ameshasema hapana. Ameisema kwa meno kwa sababu alishageuza shingo, akakaza mwili, akalia, na chanuo likaendelea kuja tu. Meno ndiyo yaliyosikika. Kesho ataanzia kwenye meno moja kwa moja, maana watoto hushika upesi kile kinacholeta matokeo.

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, dada wa kazi na mwalimu wa awali anayekaa na mtoto mwenye usonji (wengine mnasema tawahudi) wa kama miaka 2 hadi 7, awe anaongea, anarudia maneno ya watu, au haongei kabisa. Mimi ni mwalimu wa watoto hawa. Wazazi wakija huniuliza atatulia lini, ataanza lini kutii. Hakuna anayeniuliza atajifunza lini kukataa, na siwashangai, kwa sababu kwetu mtoto mzuri ni yule anayekula anachopewa, anayesalimia anayeambiwa amsalimie, na asiyenyanyua sauti mbele ya wakubwa.

Lakini fikiria mtoto aliyezoeshwa kwamba mtu mzima yeyote anaweza kumshika, kumvua nguo na kumtia kitu mdomoni, na yeye kazi yake ni kutulia. Mwaka 2012 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi ulioonyesha kwamba watoto wenye ulemavu wako katika hatari ya kufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Kwa watoto wenye ulemavu wa akili, hatari ya ukatili wa kingono ilikuwa mara 4.6. Utii peke yake haumlindi mtu hapo.

Na kuna faida ya karibu zaidi. Mwaka 1985, watafiti wa Marekani Edward Carr na Mark Durand waliwafundisha watoto waliokuwa wakivuruga darasa maneno ya kusema badala ya kufanya fujo. Aliyekuwa akilipuka kwa sababu kazi ni ngumu alifundishwa kusema kwamba haelewi, akasaidiwa, na fujo zikapungua. Alipopewa maneno yasiyohusiana na shida yake, fujo zilibaki palepale. Kwa hiyo usikimbilie kufundisha neno kabla hujajua mtoto anakataa nini.

Hatua ya 1: Sikia kukataa ambako tayari kupo

Kwa siku nne tano usibadilishe chochote. Chukua daftari, na kila mtoto anapolipuka andika mambo matatu: nini kilitangulia, yeye alifanya nini, watu walimfanyia nini. Kila mtu hukumbuka lile la katikati. La kwanza ndilo lenye jibu. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Asubuhi, sweta la shule, kola ikagusa shingo. Alijitupa chini. Dada akamvalisha kwa nguvu."
"Jioni, jirani kawasha jenereta. Alijipiga kichwa. Tukampa simu."
"Mjomba kaja, kamnyanyua juu. Alimpiga kofi usoni. Tukamgombeza."

Matukio matatu, sababu tatu: nguo inayokwaruza, kelele, kushikwa bila kuulizwa. Aliyeona matokeo tu angesema mtoto ni mkorofi.

Tafuta hasa dalili ndogo zinazokuja kabla ya mlipuko: kugeuza uso, kukunja vidole vya miguu, kuziba masikio, kusogea nyuma hatua moja, kuanza kuimba peke yake. Wengine hucheka, na kicheko hicho si furaha. Wengine hulegea mwili mzima wakaacha wafanyiwe kila kitu. Huyu wa mwisho nyumbani husifiwa kwa utulivu, na ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote.

Kama kukataa kumeanza ghafla, mtoto aliyekuwa akila leo hataki hata kuona sahani, nenda hospitali kwanza. Jino bovu, sikio linalouma na choo kigumu hujificha sana kwa mtoto asiyeweza kusema "naumwa".

Hatua ya 2: Mchagulie njia moja ya kukataa

Chagua njia ambayo mtoto ataiweza hata siku yake mbaya kabisa, amechoka, ana njaa, analia. Mtoto anayeongea vizuri akiwa ametulia anaweza kupoteza maneno yote akizidiwa. Kwa hiyo hata mwenye maneno mpe ishara pia.

Kwa maneno, mimi hupenda kuanza na "basi". Ni fupi, midomo ya mtoto huiweza mapema, na haimkwazi mzee. "Sitaki" ni nzuri na iko wazi, wengi huitamka "staki", lakini jiandae, kuna watu wazima wataisikia kama utovu wa adabu. "Hapana" iache ije baadaye. Kwa ishara, kiganja kilichonyooshwa mbele kinatosha. Kama mtoto ana kawaida ya kusukuma kitu kwa mkono, umeshapata mwanzo: msukumo huo unaulainisha polepole hadi unakuwa kiganja.

Kwa picha, kata kipande cha boksi la biskuti ukubwa wa kiganja chako, chora mkono mwekundu, funika pande zote kwa selotepu pana ili mate na uji visiuharibu. Tengeneza kadi kadhaa zinazofanana: moja ining'inie ukutani urefu wa mtoto, moja mezani, moja kwenye begi la shule, moja kwenye mkoba wako. Kadi iliyo juu ya kabati haina kazi, kwa sababu anayekasirika hatakwenda kuvuta kiti.

Utaambiwa kadi zitamfanya mtoto awe mvivu wa kuongea. Tafiti hazionyeshi hivyo. Picha na ishara hazizuii usemi, na kwa watoto wengine usemi huongezeka kidogo zinapotumika.

Hatua ya 3: Fundisha pale ambapo kukataa hakugharimu kitu

Usianzie kwenye dawa wala sare ya shule. Anza na kitu ambacho hakikuumizi kichwa akikikataa. Tuseme mtoto hapendi bamia.

Kaa naye mkekani, umpe kwanza kitu anachopenda, mkate kwa mfano. Kisha sogeza kijiko chenye bamia moja hadi nusu ya njia, mbali na mdomo wake. Mtazame usoni. Pale uso unapoanza kugeuka, kabla hajalia, simama. Kadi iko karibu na mkono wake. Akiigusa, hata kwa bahati, sema kwa sauti ya kawaida "sitaki", na kijiko kiondoke hapo hapo. Kiende nyuma ya mgongo wako kabisa, asikione. Halafu mrudishie mkate wake mkaendelea.

Asipogusa, subiri kidogo, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Bado? Iguse kadi wewe mwenyewe, sema "sitaki", na uondoe bamia vilevile. Ameona mambo yanavyokwenda, na hilo linatosha kwa leo. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: mmoja mbele na kijiko, mwingine nyuma ya mtoto akisukuma kiwiko chake taratibu kuelekea kadi, bila kusema neno. Usimkamate mkono ukaubandika kwenye kadi. Huwezi kumfundisha mtoto kukataa kwa kumshika kwa nguvu.

Mambo matatu huharibu hatua hii. La kwanza ni kuchelewa, yaani mtoto amekataa na wewe unamalizia sentensi yako. La pili ni kugeuza neno kuwa tozo: "Sema sitaki kwanza ndiyo niondoe." Akionyesha kwa njia yoyote, ondoa, kisha mwonyeshe njia nzuri. La tatu ni shangwe. Makofi na vigelegele huwashtua wengi wao. Sema tu, "Sawa. Umekataa. Naondoa."

Halafu namna ya kuongea. Watoto wengi wenye usonji hurudia maneno kama walivyoyasikia. Ukiuliza "Unataka uji?" naye akajibu "unataka uji", usihesabu kwamba amekubali. Huenda ameyarudisha tu, na huenda kwake sentensi hiyo nzima ndiyo jina la uji. Weka vitu viwili mbele yake, uji na chai, uone mkono unakwenda wapi. Na unapomwonyesha maneno, yaseme kama yanavyotoka kinywani mwake: "sitaki", "naumia", "basi". Ukimwambia "sema hutaki", atasema "sema hutaki", na kosa halitakuwa lake.

Hatua ya 4: Tumia michezo

Somo la "basi" linakaa vizuri kwenye kutekenya kuliko mahali pengine popote, kama mtoto anapenda kutekenywa. Asiyependa, tumia bembea, kuzungushwa kwenye kanga, au kurushwa kitandani.

Mtekenye mara moja, simama, inua mikono yako juu aione. Subiri. Akikusogelea au akivuta mkono wako, sema "tena" na uendelee. Akijikunja, akisukuma, akinyoosha kiganja, sema "basi" na uache papo hapo, hata kama anacheka, hata kama mlikuwa mmenoga. Baada ya siku chache utaona anakutega. Ananyoosha kiganja, anatazama kama kweli utaacha, anacheka, anakuvuta tena. Anakupima, na ufaulu kila mara.

Hapa ndipo wanaume wa nyumbani huwa walimu wazuri, kwa sababu ndio wanaorusha watoto juu. Ndipo pia wanapoharibu: mtoto anasema basi, mjomba anaongeza mbili za kumchokoza. Kwa mtoto huyu, hizo mbili zinafuta kila kitu ulichofundisha asubuhi.

Hatua ya 5: Nyumba nzima ikubali

Kukataa kunakosikilizwa na mama peke yake hakufiki mbali. Zungumza na kila mtu anayemgusa mtoto, mmoja mmoja, kwa kumwonyesha. Mazungumzo na bibi huwa hivi:

"Mama, huyu akinyoosha kiganja, anasema basi. Naomba umwachie, hata uji ukibaki nusu bakuli."
"Wewe nilikulisha kwa kukukaba, mbona umekua?"
"Umenikuza vizuri mama yangu. Huyu koo lake likishtuka anatapika, halafu uji anauchukia wiki nzima. Tumwachie, baada ya saa moja tumpe tena."

Usibishane na bibi juu ya malezi ya zamani. Mpe sababu ya mwili anayoweza kuiona kwa macho, na mpe jambo la kufanya badala yake.

Salamu ni mtihani mwingine. Mtoto anasukumwa mbele, "msalimie babu, mpe mkono", naye kushikwa mkono na mtu mwenye pafyumu kali ni mateso. Amua mapema salamu yake itakuwa ipi: kupunga, kuinamisha kichwa, kugonga ngumi, au kusema "shikamoo" akiwa kando yako. Kisha wewe ndiye useme mbele ya mgeni, ukianza na heshima: "Shikamoo babu. Mjukuu wako anasalimia kwa kupunga, kushikwa kunamsumbua." Wazee wengi wakielezwa hupunga wakafurahi. Asiyeelewa akanuna, atanuna. Mtoto anasikia kila neno unalosema juu yake, hata asiyeongea, na hapo amesikia mtu akimsemea bila aibu. Ndivyo naye anavyoanza kujisemea.

Hatua ya 6: Mambo ya lazima

Kuna "sitaki" usiyoweza kuitii: dawa, sindano, mkanda wa gari, kushikwa mkono barabarani, kubadilishwa nepi. Orodha hii iwe fupi. Iandike. Ukikuta kumaliza chakula na kumbusu shangazi vimeingia humo, futa.

Kwa mambo ya lazima, usiulize swali lisilo na majibu mawili. "Unataka kunywa dawa?" ni mtego, maana akisema sitaki utamnywesha tu, na atakuwa amejifunza kwamba neno lake halina thamani. Sema: "Ni saa ya dawa. Kijiko au bomba la kunyweshea?" Akikataa, kiri kwamba umesikia: "Nimesikia, hutaki. Dawa ni lazima. Tunahesabu tano, kisha basi." Ukifika tano, iwe basi kweli. Anayefika tano akaongeza "moja tu ya mwisho" hataaminiwa kesho.

Kinyozi yuko katikati: si lazima leo, ila kuna siku itabidi. Mtoto mmoja niliyemfundisha alikuwa akinyolewa kwa kubanwa na watu watatu. Baba yake alianza kwa kukaa naye nje ya kibanda asubuhi mapema, kabla ya foleni na muziki, mashine ikiwa imezimwa mkononi mwa mtoto. Siku nyingine ikawashwa mbali, ikagusa goti la baba, ikagusa goti la mtoto. Kinyozi alikubali jambo moja: kiganja kikinyanyuka, mashine inazimwa. Hakusogeza tu pembeni, alizima kabisa, mtoto asikie kimya. Mara ya kwanza walinyoa upande mmoja wakaenda nyumbani, mtoto na nusu kichwa chake, wala hakuna aliyekufa kwa aibu. Alivumilia kwa sababu alijua mlango wa kutokea uko wapi.

Hatua ya 7: Ongeza maneno mengine

"Sitaki" ikishakaa, rudi kwenye daftari uone ni kukataa kwa aina gani kunakojirudia, ukipe neno lake. Aliyeziba masikio mpe "kelele". Anayechana daftari kazi ikiwa ngumu mpe "nisaidie". Anayetoroka mezani mpe "pumzika": akitoa kadi anakwenda kwenye kona yake kwa dakika mbili tatu, kisha anarudi kwenye kipande kidogo cha kazi ileile, ili kadi isiwe njia ya kufuta kazi yote. "Bado" ni neno zuri sana kwa mtoto anayehitaji muda wa kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Ongeza moja moja, usimwage kadi ishirini kwa siku moja.

"Naumia" inahitaji kazi ya ziada, kwa sababu wengine hawajui vizuri maumivu yako wapi. Tumia mwanasesere au mchoro wa mtoto: gusa tumbo, gusa sikio. Anapojikwaa, sema hapo hapo: "Goti. Naumia goti." Humo humo fundisha majina halisi ya sehemu za siri, na kwamba anayemwogesha au kumsafisha humwambia kwanza: "Naosha mgongo. Sasa naosha miguu." Mtoto aliyezoea kuambiwa kabla ya kuguswa atashtuka siku atakapoguswa kimyakimya, na mshtuko huo ndio unaoutaka. Akianza ghafla kumkataa mtu fulani, au kukataa kuvuliwa nguo, usimlazimishe kwa sababu huyo ni ndugu. Chunguza.

Hatua ya 8: Andaa shule

Mwalimu mwenye watoto sabini hatasoma ripoti ya kurasa kumi. Mpe nusu ukurasa, kwa sauti ya mtoto:

"Nikinyoosha kiganja au nikikupa kadi nyekundu, nasema basi. Kengele inaniumiza masikio, naomba nitoke mlangoni kabla haijalia. Nikiingia chini ya dawati nimezidiwa. Niache hapo kidogo, usinivute. Ukinishika ghafla kwa nyuma ninaweza kukupiga bila kukusudia. Niambie jambo moja, nikimaliza niambie la pili."

Ongea wazi kuhusu viboko, kwa sababu kukataa kwa mtoto huyu kutaonekana kama ukaidi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado kanuni zinaviruhusu chini ya mamlaka ya mkuu wa shule, kwa hiyo nenda kwa mkuu mwenyewe, mapema, na barua mkononi. Unaweza kumkumbusha kwa upole kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Haisemi lazima atoe kwa mdomo.

Kama bado hujapata mtaalamu, Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, pamoja na chuo cha elimu maalumu, KISE, kule Kasarani, Nairobi. Tanzania unaweza kuanzia hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya KCMC, Moshi. Usisubiri karatasi ya daktari ndipo uanze na kadi ya boksi.

Wiki za mwanzo

Mtoto akigundua kwamba neno lake linafanya kazi, atalitumia kwa kila kitu. Atakataa uji, kiatu, wimbo anaoupenda, atakataa na kukataa kwenyewe. Nyumbani watasema umemharibu. Vumilia, mara nyingi hupungua akishaamini kwamba neno halitaondoka. Usifiche kadi kwa sababu anaitumia sana, maana hapo umemziba mdomo, na atarudi kwenye meno. Kama amekataa kitu anachokipenda, kiondoe kama alivyosema, kiweke anapokiona, umpe nafasi ya kukiomba.

Angalia daftari baada ya mwezi. Usitafute siku bila kilio, tafuta mahali ambapo kiganja kilitangulia kofi. Na ukibadilisha dada wa kazi, siku ya kwanza mwonyeshe kadi nyekundu kabla hujamwonyesha jiko.